Sili inabebeshwa makosa ya injini

Ndugu Mhariri,

Ukipita asubuhi kwenye zile barabara za namba za Ngamiani, hapa Tanga, kabla wenye magari hawajatoka, usitazame magari. Tazama chini. Palipolala Corolla 110 pana doa jeusi la ukubwa wa sahani. Palipolala Hiace pana mchirizi unaofuata mteremko mpaka mtaroni. Na chini ya Land Rover ya zamani kuna kopo la rangi lililokatwa nusu, limewekwa makusudi kukinga matone, kama tunavyokinga maji ya mvua chini ya bati bovu. Mwenye gari ukimuuliza atakujibu palepale: "Sili hiyo. Nishaibadilisha mara mbili, ila za siku hizi feki."

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niitetee sili. Feki zipo, nitazifikia. Lakini gari linalorudi gereji na mvujo uleule baada ya mwezi mmoja, mara nyingi sili mpya haina kosa. Kilichoiua sili ya kwanza kimebaki mlemle ndani, hakuna aliyekigusa, na sasa kinaiua ya pili. Wazee walisema ukimtupa jongoo mtupe na mti wake. Kwenye injini jongoo ni sili, na mti wake ni mmoja kati ya hii mitatu: presha iliyokosa pa kutokea, shafti (mhimili unaozunguka) iliyolika, au bearingi iliyolegea.

Tuanze na sili yenyewe. Ni pete ya chuma iliyovikwa mpira, na kwa ndani ina ulimi mwembamba unaogusa shafti. Nyuma ya ulimi kuna springi ndogo ya mviringo inayoubana usilegee. Mahali ulimi unapogusana na shafti ni pembamba, hapafiki milimita moja, na hata hapo mpira haugusi chuma kikavu: kuna utando wa oili katikati, ambao ndio unaoukinga ulimi usiungue. Sili ya namna hii kazi yake ni kuzuia oili inayorukaruka ndani ya injini. Haikuundwa kuzuia presha. Ya kawaida hutengenezwa kwa presha ya chini ya nusu bar, wakati tairi la gari dogo tunalijaza zaidi ya bar 2. Ukiipa kazi ya kuzuia presha, itashindwa, hata ingekuwa imetoka Japani jana.

Presha hiyo inatoka wapi? Injini yoyote, hata mpya, hupitisha gesi kidogo pembeni ya ringi za pistoni, ikashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Gesi hiyo lazima itoke. Kwenye Toyota za petroli zenye injini za 4A-FE na 5A-FE, ambazo ndizo zimejaa mjini kwetu, hutokea kwenye vali ya PCV, mlango mdogo wa injini kupumulia, iliyochomekwa kwenye kava la tapeti, yaani kifuniko cha juu cha injini, kwa mpira mdogo, kisha bomba laini linaipeleka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa ikachomwe. Kwenye dizeli za 2L na 3L, zile za Hilux na Hiace, kuna bomba nene linalotoka kavani kwenda kwenye njia ya hewa. Vali huziba kwa masizi yaliyoganda na oili. Bomba nalo, likishaiva kwa joto la miaka 20, linakuwa gumu kama ganda la muhogo, au linalegea na kufyonzwa likajibana lenyewe kwa ndani, na kwa nje likaonekana zima. Gesi ikikosa mlango inatafuta dirisha. Kwanza inasukuma kijiti cha kupimia oili kikapanda kidogo kwenye ala yake. Ukikikuta kimeinuka mara kwa mara, hiyo ni barua umeandikiwa. Kisha inausukuma ulimi wa sili.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Injini ikiwa moto na iko sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, chomoa vali ya PCV kavani huku bomba lake likiwa bado limeungwa, uzibe mdomo wake kwa kidole. Ukihisi kidole kinafyonzwa, njia iko wazi. Usipohisi kitu, chomoa bomba kwenye vali uhisi tena: likifyonza, vali ndiyo iliyoziba, lisipofyonza, bomba au tundu la manifoldi. Zima injini, itikise vali karibu na sikio. Nzima hugonga-gonga ndani. Iliyo kimya imeganda. Kuiosha kwa petroli huifufua kwa muda, lakini nionavyo vali ni spea ya bei ndogo, na hakuna sababu ya kuosha kitu ambacho kikigoma tena utalazimika kufungua tena mkanda wa taimingi, ule wa ndani mbele ya injini, ili ubadilishe sili.

Kipimo cha pili ni cha ringi. Injini ikiwa sailensa, fungua kifuniko cha kujazia oili ukigeuze kichwa chini, ukiweke juu ya tundu bila kukikaza. Injini ya petroli yenye PCV nzima itakiacha kimetulia, na ukiweka kipande cha karatasi nyepesi mahali pake utaona kinavutwa. Kifuniko kikirukaruka na moshi wa bluu ukatoka kwa mapigo, injini inapumua: ringi zimekwisha au silinda zimelika. Dizeli hutoa pumzi kidogo hata ikiwa nzima, kwa hiyo isikutishe. Kinachotisha ni ule moshi mzito unaokipeperusha kifuniko. Injini iliyofika hapo, fundi mwaminifu humwambia mteja ukweli kabla ya kushika spana: ukibadilisha sili leo itavuja tena, kwa sababu ugonjwa uko kwenye ringi na dawa yake ni ovaholi, yaani kuifungua injini yote na kuifanya upya. Kumficha ni kula hela yake mara mbili.

Sasa, una uhakika gani kwamba kinachovuja ni sili? Oili haipandi juu. Hushuka, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma, ndiyo maana kila mvujo wa mbele na wa juu huishia kuonekana kama sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Osha injini kwa sabuni, ukifunika distributa (kigawa umeme wa plagi) na altaneta kwa mfuko wa plastiki, uiache ikauke kabisa. Paka poda ya mtoto kwenye maungio yote unayoyashuku. Endesha mpaka Pongwe urudi, kisha ingia chini na tochi na kioo kidogo, uanze kutazama juu ukishuka. Poda huonyesha njia ya oili kama nyayo kwenye mchanga wa pwani maji yakishakupwa.

Wa kwanza kukamatwa huwa ni gasketi ya kava la tapeti. Injini nyingi za zamani zina vipande vya mpira vya nusu duara chini ya kava, mwisho wa kichwa cha injini. Vikikauka, oili hushuka nyuma ya bloku mpaka juu ya giaboksi. Switi ya presha ya oili nayo huvuja kwenye shingo yake ya plastiki. Kwenye Corolla za 4A-FE na 5A-FE yupo mshukiwa mwingine ambaye husahaulika kila siku: distributa. Imekaa upande wa giaboksi, na pete ya mpira iliyo kwenye shingo yake ikikakamaa, matone yanadondokea moja kwa moja kwenye nyumba ya klachi. Kuibadilisha ni kuweka alama mahali distributa ilipokaa, kufungua bolti, kuichomoa, kuvisha pete mpya iliyopakwa oili, na kuirudisha kwenye alama. Kazi ya nusu saa. Giaboksi zimeshushwa kwa ajili ya pete hiyo, na zikarudishwa na sili mpya, na mvujo ukabaki palepale.

Hata tone linalotoka kwenye tundu la chini la nyumba ya klachi usiliamini kabla hujalinusa. Oili ya injini iliyotumika ni nyeusi na nyepesi. Ya giaboksi ya mkono ni nzito na ina harufu ya kiberiti; hiyo inatoka kwenye sili ya shafti ya giaboksi. Nyekundu ni ya otomatiki. Ikiwa nyepesi kama maji na inabambua rangi ni fluidi ya breki, inatoka kwenye silinda ndogo ya klachi.

Kwa wasemao kwamba tone moja si kitu: tone ni kama ishirini kwa mililita moja. Injini inayodondosha tone moja kila dakika, usiku na mchana, inapoteza mililita 72 kwa siku, na kwa siku 14 lita nzima. Kwenye magari madogo mengi, kutoka alama ya juu mpaka ya chini ya kijiti ni takriban lita moja. Hesabu hiyo mwenye teksi aipige mwenyewe.

Ikishathibitika ni sili ya mbele ya krenki, kazi yenyewe nitaieleza kwa Corolla ya 5A-FE au 4A-FE, kwa kuwa ndiyo ya wengi. Chomoa waya hasi wa betri. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi, ng'oa tairi la mbele kulia na kinga ya matope. Toa mikanda ya nje, kava la tapeti, na uinue injini kidogo kwa jeki yenye kipande cha mbao chini ya sampu ili uifungue mauntini ya kulia. Zungusha krenki mpaka alama ya puli iwe kwenye 0, na kwenye puli ya kamshafti, shafti ya juu inayofungua vali, lile tundu dogo liangaliane na alama ya kofia ya bearingi iliyo nyuma yake. Kama haviangaliani, zungusha tena mzunguko mmoja. Hapo ndipo unapofungua bolti ya puli ya krenki, gari likiwa gia ya tano na msaidizi akikanyaga breki. Wapo wanaoweka spana ya soketi ikaegemea chini na kupiga stata ili bolti ijifungue. Inafungua kweli. Siku spana ikiteleza itafungua na meno ya mtu.

Puli ikigoma usiipigepige pembeni kwa nyundo, kwa sababu ikipinda itachezacheza na kuikaba sili mpya upande mmoja. Ina matundu ya bolti usoni: tumia puleri, kifaa cha kuivutia. Ondoa makava, legeza tenshona inayokaza mkanda wa taimingi, toa mkanda. Mkanda uliolowa oili hautaki huruma, ni wa kutupa, na Toyota wenyewe huuhesabia kilomita 100,000 hata ukiwa mkavu. Kwenye 4A-FE mkanda ukikatika njiani gari litazima tu, vali na pistoni havikutani. Kwenye dizeli za 2L na 3L vinakutana, na hapo utanunua vali. Ukishafika huko ndani tazama pia sili ya kamshafti, iko jirani.

Toa giya ya mkanda kwenye krenki pamoja na kii yake, kile kipande cha chuma kinachoizuia isiteleze. Sili iko usoni pako, kwenye mwili wa pampu ya oili. Kata ulimi wake kwa kisu chenye makali, kisha ing'oe kwa bisibisi iliyozungushiwa tepu nchani ili isikwaruze shafti. Mkwaruzo mmoja unaovuka pale ulimi unapokaa ni mfereji: oili itapita hapo hata sili iwe ya dhahabu. Ikigoma, toboa tundu dogo kwenye uso wa chuma wa sili, ingiza skrubu, uvute skrubu kwa koleo.

Kisha fanya jambo ambalo gereji nyingi hawalifanyi. Futa shafti, imulike kwa tochi, na pitisha ukucha juu yake kwa upande, kutoka nje kwenda ndani. Sili ya zamani huwa imechora mstari unaong'aa kuzunguka shafti. Mstari unaoonekana lakini ukucha haukwami, si neno. Ukucha ukikwama, hapo ndipo pa ugonjwa. Mpira laini umekula chuma? Ndiyo, kwa sababu vumbi hunasa kwenye ulimi likageuka msasa, na sisi wa njia za Pangani na Amani tunalijua vumbi hilo. Kwenye injini zenye cheni mahali pa mkanda wa taimingi mambo ni mabaya zaidi, maana mara nyingi ulimi wa sili ya mbele hukaa juu ya shingo ya puli, ambayo nusu yake iko nje. Gari likilazwa miezi kadhaa karibu na bahari, kwa hewa ya chumvi tuliyo nayo, kutu hujenga ukingo kando ya ulimi. Siku likiwashwa ukingo huo unaufyeka ulimi, mwenye gari akashangaa: lilikuwa halivuji nilipoliegesha.

Mstari ukiwa mwembamba, usugue kwa msasa wa maji namba 600 uliolowa oili, ukizunguka shafti kama unavyofunga kamba. Usisugue kwa kwenda mbele na nyuma, wala kwa mshazari: mikwaruzo ya mshazari inafanya kazi ya parafujo, inasukuma oili nje kila krenki inapozunguka. Ukiwa mzito, ikalishe sili mpya milimita 1 au 2 tofauti na ya zamani, ulimi upate mahali pazima. Hakikisha kwanza kwamba nafasi ipo na kwamba huzibi tundu la oili lililo nyuma yake. Likishindikana hilo, kuna kava jembamba la chuma linalovikwa juu ya shafti, SKF wanaliuza kwa jina la Speedi-Sleeve, unene wake ni karibu robo milimita, na sili ya saizi ileile hukaa juu yake. Kama hulipati na mstari uko kwenye shingo ya puli, nunua puli. Kuziba mfereji kwa silikoni ni kujidanganya.

Hapohapo shika ncha ya krenki uitikise juu na chini. Ukisikia inacheza, bearingi kuu imelegea. Shafti itazunguka nje ya kati, na ulimi hautaweza kuifuata. Kwa mchezo wa mbele na nyuma, mwache mtu akanyage klachi huku ukitazama: Toyota nyingi za aina hii zina kikomo cha milimita 0.30. Mchezo unaouona wazi kwa macho tayari ni mwingi.

Nimeahidi kuzungumzia dukani. Usitupe sili ya zamani mpaka kazi iishe, kwa kuwa namba zake ndizo za kununulia. Iliyoandikwa 35-50-8 ni ya shafti ya milimita 35, tundu la 50, unene 8. Lakini saizi haitoshi. Utauziwa sili ya hubu ya tairi yenye namba hizohizo, ikaingia vizuri, ikatulia, na baada ya miezi michache ikakauka kama ngozi ya ngoma. Mpira mweusi wa kawaida wa naitrili unastahimili joto la kama nyuzi 100 na ushei. Ule wa Viton unafika kama 200. Sili ya krenki na ya kamshafti iombwe kwa jina la injini, isiombwe kwa saizi peke yake. Rangi si ushahidi, kahawia hupakwa pia. Tazama kama kuna mshale usoni: baadhi ya sili zina mistari midogo chini ya ulimi inayorudisha oili ndani, na mistari hiyo ina upande. Toyota hizi krenki yake huzunguka kufuata saa ukiitazama kutoka upande wa puli. Honda za zamani za D na B huzunguka kinyume. Ukiweka ya Honda kwenye Toyota, mistari itasukuma oili nje kwa bidii kubwa.

Na wenye maduka ya spea mnisamehe: acheni kutundika sili kwenye misumari. Ulimi unaoning'inia juu ya msumari mwaka mzima unachukua umbo la msumari. Halafu mteja anaambiwa amenunua feki, kumbe alinunua halisi iliyopindwa ukutani. Sili ikae kwenye pakiti yake, ilale, mbali na jua. Feki yenyewe utaijua kwa kuipitishia kidole kwenye ulimi: ukingo wenye vijinyama vya mpira, springi iliyolegea au inayotoka kwa kuguswa, maandishi yanayofutika kwa kidole.

Kuiweka. Safisha tundu mpaka ling'ae. Jaza grisi kidogo kati ya ulimi na ule mdogo wa nje wa kuzuia vumbi, kama upo, isizidi nusu ya nafasi, na paka ulimi pamoja na springi yake. Grisi ina kazi mbili: hulainisha ule mzunguko wa kwanza ambao oili haijafika, na huishika springi isiruke wakati wa kugonga. Springi ikiruka hutaiona, utaona oili tu siku ileile. Zipo sili za kisasa zenye ulimi mweupe au mweusi mgumu usio na springi. Hizo huingizwa kavu, bila oili wala grisi, na pete yake ya plastiki ya kuivishia haitolewi kabla ya kuvaa. Funika mfereji wa kii kwa tepu ya plastiki, kwani kona yake inakata ulimi kama wembe. Upande wenye springi uelekee ndani kwenye oili. Igonge kwa bomba la chuma au la plastiki nene lenye kipenyo cha karibu sawa na sili, lililokatwa likanyooka, pigo dogo upande huu, pigo dogo upande wa pili, mpaka iwe sawasawa na ukingo wa mwili wa pampu. Kuipiga nyundo moja kwa moja usoni ni kuipinda. Iliyovikwa mpira nje haihitaji silikoni. Yenye chuma kitupu nje inaweza kupakwa utando mwembamba kwenye kuta zake, kamwe si kwenye ulimi.

Rudisha giya na mkanda, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, urudi kwenye 0 uzitazame alama tena. Ikikwama popote usilazimishe. Bolti ya puli kwenye 4A-FE hukazwa kwa nyutoni-mita 118, kwa spana ya kupimia.

Sili ya nyuma haina la ziada ila uzito wa kazi: giaboksi ishuke, klachi na flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya krenki, vitoke. Kwa kuwa kuipata ni kazi ya siku nzima na yenyewe ni ya bei ndogo, hapo ndipo pa kubadilisha pia bearingi ya klachi, sili ya shafti ya giaboksi, na pleti ya klachi kama imelowa, maana pleti iliyokunywa oili haikauki ikawa pleti tena. Kwenye injini nyingi matundu ya bolti za flaiwili hupenya mpaka ndani kwenye oili. Bolti zikirudishwa kavu bila gundi ya nyuzi za bolti, oili hupita hapo, na sili mpya inalaumiwa kwa mara ya tatu. Kama kibebeo cha sili kinafungwa kwa silikoni, mstari wa milimita 2 hadi 3 unatosha, na vifungwe ndani ya dakika 5. Silikoni inayofurika kwa nje, ujue imefurika na kwa ndani, na kipande chake kitakwenda kukaa kwenye chujio la pampu.

Matrekta ya zamani ya Massey Ferguson yenye injini ya Perkins 4.236, sili yake ya nyuma ni ya kamba mahali pa mpira. Huko usikate kamba ikawa sawa na kibebeo: iache ichomoze kati ya milimita 0.25 na 0.5 kila upande, ndipo nusu mbili zikikutana zibanane.

Kuhusu dawa za chupa za kuzuia mvujo: zinafanya mpira uliokakamaa uvimbe na kulainika kidogo, zinaweza kukuvusha miezi kwenye gari linalotoa jasho tu, hazijazi mfereji wa shafti wala hazizibui PCV. Fluidi ya breki ndani ya oili ya injini, ambayo bado kuna wanaoipendekeza, inavimbisha kila mpira uliomo pamoja na ule usiokuwa na kosa, na hakuna njia ya kuuambia urudi. Kuloweka sili kavu kwenye petroli nako ni hivyo: inatoka laini, petroli ikiyeyuka inasinyaa kuliko mwanzo.

Kazi ikiisha, jaza oili mpaka alama ya juu na isipite, washa, acha ishike joto kama dakika 20, uzime, utazame. Usiku tandika boksi jeupe chini ya injini, uandike kwa kalamu upande wa mbele na wa nyuma na lilipo tairi la kulia. Rudia baada ya kilomita 500. Tone moja dogo siku ya kwanza linaweza kuwa grisi ya ulimi au oili iliyobaki kwenye kona wakati wa kufungua. Likirudi mahali palepale usiku wa pili, rudi kwanza kwenye bomba la kupumulia, na kidole chako, kabla hujakwenda dukani.

Fundi injini,
Makorora, Tanga.